Tupeane uzoefu: ulitumwa kazini nje ya nchi ukapata ujauzito, mshahara wa likizo ya uzazi alilipa nani?

Mama Pacha: Habari zenu wapendwa. Mwaka 2021 ofisi yangu ya Dar ilinipeleka Kampala kwa miaka miwili. Mkataba ulibaki uleule wa Dar, na barua ya uhamisho ilikuwa ukurasa mmoja tu: kituo, posho, tiketi. Baada ya miezi mitano nikashika mimba, tena ya pacha.

Kampala wakaniambia, "Wewe ni mtu wa Dar, ongea na Dar." Dar wakaniambia, "Uko Uganda, fuata ya huko." Usiku mmoja nikashusha kalenda ya ukutani, nikaiweka kwenye meza ya jikoni, nikaanza kuhesabu kwa kalamu. Sheria ya ajira ya Uganda ya 2006 inatoa siku 60 za kazi. Ukiruka Jumamosi na Jumapili unapata wiki 12, yaani siku 84, sawasawa na Tanzania Bara. Tofauti ilikuwa kwenye pacha. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 100 anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Siku 16 kwa mtu mwenye vichanga viwili si kidogo jamani. Nilizipigania mwezi mzima na nikazipata kwa hoja moja: niliyesaini naye mkataba ni Dar, na anayenilipa ni Dar.

Kilichoniumiza ni kingine. Mshahara wa kwanza wa likizo uliingia bila posho ya kituo, na kodi ya nyumba Kampala nilikuwa naitoa kwenye posho hiyo. Kulalamika, nikaonyeshwa tafsiri ya mshahara wa msingi kwenye sheria: posho hazimo. Halafu nilipokuja Dar na watoto nikapita NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii tunaochangia kila mwezi, kuulizia fao la uzazi. Dada wa dirishani akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Michango yangu ilikomea mwezi ule niliopanda ndege. Nilisimama pale na mtoto mmoja mgongoni, mwingine kwa mdogo wangu, sina la kusema.

Mliopitia haya, mlifanyaje?

Nyota ya Nairobi: Pole sana mama. Mimi nilitoka Nairobi kwenda Kigali, na walinitoa kabisa kwa mkataba wa Kenya. Nikasaini wa Rwanda bila kujua naacha nini. Kenya ni miezi 3 ya mshahara kamili, anayelipa ni mwajiri. Rwanda kuna mfuko wa uzazi ulioletwa na sheria ya 2016 chini ya RSSB, bodi yao ya hifadhi ya jamii: unakatwa asilimia 0.3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 0.3, na mfuko ndio unaobeba sehemu ya pili ya likizo. Mfumo wenyewe ni mzuri, nausifu. Shida ilikuwa mhasibu wetu kuchelewesha makaratasi, nikakaa wiki nyingi mkono mtupu, pesa ya matumizi natumiwa na dada yangu kwa simu kutoka Nairobi. Dada zangu, muulizeni mhasibu kabla tumbo halijawa kubwa. Siku hizi Rwanda likizo ni wiki 14.

Kivuko: Mke wangu alikuwa Lubumbashi kwa kampuni ya usafirishaji. Kongo wanatoa wiki 14, ila malipo ni theluthi mbili ya mshahara. Wakataka kumpa hiyo. Mkataba wake ni wa Dar, kwa hiyo tulidai siku 84 za malipo kamili na wakakubali.

Binti Tanga: Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni ndege. Sheria ya Bara inakuruhusu kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, maana yake wiki ya 36. Ndiyo wiki ambayo mashirika mengi ya ndege hayakubebi tena! Na kuanzia wiki ya 28 mengi yanadai barua ya daktari. Mimi nilitumia likizo yangu ya mwaka nikarudi wiki ya 31. Daktari akiandika kwamba afya yako au ya mtoto inahitaji, sheria inaruhusu kuanza mapema zaidi. Ombeni barua hiyo.

Mzee wa Utumishi: Nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi. Mabinti zangu, mtoe taarifa miezi mitatu kabla ya kujifungua, kwa maandishi, pamoja na cheti cha daktari. Ukiwa nje tuma barua pepe kwa ofisi zote mbili. Mkishindana, madai ya malipo yanapelekwa CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 60. Nimeona mama anasubiri arudi nyumbani ndipo adai, muda umekwisha, anaanza kuomba kwanza aongezewe muda. Hilo la michango ya Mama Pacha ni deni la mwajiri. Asikuambie mtu ulipe wewe.

Mama Pacha: Asante baba. Ndivyo ilivyokwenda, walilipa michango yote ya nyuma baada ya barua ya tatu. Posho sikuipata.

Mgeni wa Juba: Shikamooni. Nina wiki ya 17, natakiwa Juba mwezi ujao kwa mwaka mmoja. Barua ya uhamisho iko mbele yangu, neno uzazi halimo kabisa. Wanataka saini kesho asubuhi. Nisaini?

Mzee wa Utumishi: Marahaba binti. Usisaini kwanza. Waombe waongeze mistari minne: mkataba wa Dar unaendelea na sheria yake, mshahara wa likizo unalipwa na Dar, michango ya NSSF haikatiki, na posho ya nyumba inabaki wakati wa likizo ya uzazi. Waandikie usiku huu huu.

Mgeni wa Juba: Nimetuma saa tatu na robo. Kesho nitawaambia wamejibu nini.