Mtoto hana makaratasi: ajaze fomu ipi ya msaada wa chuo California?

MamaWawili:
Ndugu zangu, naomba mwongozo. Mwanangu mkubwa aliingia Marekani akiwa na miaka tisa, viza yetu ikaisha tukiwa huku, na sasa anamaliza sekondari hapa California kwa alama nzuri. Jana usiku tulikaa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za chuo. Tulipofika penye namba ya Usalama wa Jamii, mtoto alifunga kompyuta bila kusema neno. Je, chuo ndiyo basi?

Mzee_wa_Fomu:
Dada, chuo kipo, ila mlibisha mlango usio wenu. FAFSA ni ya serikali kuu, na fedha zake hazimfikii asiye na makaratasi, hata mwenye DACA (kinga ya muda ya kutofukuzwa kwa walioletwa wakiwa watoto) aliyepewa namba ya Usalama wa Jamii. California ina fomu yake, California Dream Act Application, iliyotokana na sheria za mwaka 2011, ambayo kwayo ataomba Cal Grant, ruzuku ya jimbo; kwa kawaida mwisho wa kuomba kwa vyuo vya miaka minne ni Machi 2.

Sambamba na hiyo kuna AB 540, sheria ya California ya mwaka 2001: aliyesoma sekondari ya California miaka 3 na kuhitimu hulipa ada ya mkazi, mradi asaini kiapo kwamba ataomba kuhalalisha ukaazi wake mara atakapostahili. Wengi hukidharau kiapo hicho kwa kuwa ni karatasi moja tu, lakini asiyekisaini huhesabiwa mwanafunzi wa nje ya jimbo, na katika University of California nyongeza ya ada hiyo hupita dola 30,000 kwa mwaka.

Msomaji_Texas:
Walio majimbo mengine wasiige haya bila kuuliza. Texas ilitangulia kupitisha sheria ya namna hii mwaka 2001, na Juni 2025 mahakama ya shirikisho ikaizuia.

Binti_Kibaha:
Shikamoo mama. Naomba sana, asithubutu kuweka alama penye “raia” ili fomu ipite. Kudai uraia usio wako kunaweza kumfungia njia ya makaratasi maisha yake yote, na hilo ni zito kuliko ada.

MamaWawili:
Marahaba mwanangu, hatukuiweka. Na mdogo wake, aliyezaliwa hapa?

Mzee_wa_Fomu:
Huyo ni raia, FAFSA ni yake. Wewe utafungua akaunti ya mzazi bila namba. Ila leo anza na mkubwa.