Simu ya barua pepe na intaneti ukiwa njiani: wa Arusha na Moshi, tupeane uzoefu

Kijana wa Sanawari
Wakuu, salama? Mdogo wangu wa kike amepata kazi ofisi ya utalii hapa mjini. Siku nyingine yuko mezani, siku nyingine anafuatana na wageni hadi Karatu na hifadhini, na bosi anataka barua pepe ya mgeni ijibiwe siku hiyohiyo. Simu aliyonayo ukifungua Gmail na WhatsApp kwa pamoja inaganda. Bajeti ni laki tatu na nusu, tukijibana sana laki nne.

Nimezunguka maduka, kila muuzaji ananionyesha kamera. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza huyu binti ataitumia wapi. Mimi naona simu ya kazi ianze na mtandao na chaji, kamera ije baadaye. Wenye uzoefu semeni mnaitumia wapi na kwa kazi gani. Msinitajie jina la simu mkaondoka.

Dereva wa Makao Mapya
Kaka, hapo umeuliza. Njia yangu ni hiyo hiyo: Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro, mpaka Seronera ndani ya Serengeti. Karatu mjini hakuna shida. Ukishaingia hifadhini mtandao ni wa vipande vipande. Hapa inashika laini hii, kule inashika ile, katikati hakuna kitu. Kwa hiyo simu ya laini mbili ni lazima, na uhakikishe laini zote mbili zinapanda 4G. Zipo simu ambazo laini ya pili haivuki 2G, na muuzaji hakwambii mpaka umuulize.

Halafu simu ikikosa mnara haitulii. Inatafuta muda wote, jioni unaitoa mfukoni imekauka chaji na hukuigusa. Nikijua mbele hakuna mtandao naiweka kwenye hali ya ndege, basi.

Kuhusu barua zenyewe, Gmail ina sehemu ya kuchagua barua za siku ngapi zikae ndani ya simu, kwa kawaida 30. Asubuhi kabla hamjaondoka Karatu afungue barua za wageni wote wa safari hiyo, na viambatisho avipakue kabisa: tiketi za ndege, nani hali nyama, nani ana mzio wa karanga. Huko porini atasoma bila mtandao, ataandika jibu, atabonyeza tuma. Jibu linasubiri humohumo, mnara ukionekana linaondoka lenyewe. Mgeni aliyeko Ujerumani hawezi kujua kama liliandikwa chini ya mgunga tukisubiri simba aamke.

Mangi wa Rau
Sisi tunaopandisha wageni Kilimanjaro adui yetu ni baridi. Agosti 2022 shirika la simu TTCL lilifikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo, mita 3,720, na tangu hapo wageni wanatuma picha wakiwa hukohuko. Ila betri ya lithiamu ikipigwa baridi nguvu inashuka. Simu inakuonyesha asilimia 40, mara imezima. Iweke kwapani kidogo, inawaka na chaji iko palepale. Watu wengi wanadhani simu imekufa, wanakimbilia kwa fundi wakishuka. Apple wenyewe wanaelekeza iPhone itumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35, sasa usiku wa kambi ya Kibo, mita 4,720, unategemea nini?

Simu yangu ni ya bei ya kawaida, betri ya mAh 5,000. Usiku naiingiza kwenye soksi pamoja na pawabenki, nalala navyo ndani ya begi la kulalia. Mpaka Gilman's, kule ukingoni karibu na kilele, inanitosha.

Na jambo moja ambalo halizungumzwi: mwanga wa kioo. Dukani kila simu inang'aa. Mwambie muuzaji utoke nayo mlangoni, uisome juani. Ukilazimika kuifunika kwa mkono ndipo uone herufi, mrudishie.

Mama Lulu Kiboriloni
Jamani mimi si wa utalii, nafanya mitumba na nyaraka za mzigo zinakuja kwa imeili. Naomba niwaambie habari ya simu za mkopo, maana kwa bajeti hiyo lazima mtashawishiwa.

Nilichukua ya kulipa kidogo kidogo kila siku. Simu yenyewe nzuri, sina neno. Jumapili moja malipo yangu yalikuwa yameenda, ujumbe ninao, lakini mfumo wao haukuyaona. Simu ikajifunga. Wakala wa bandarini anasubiri nyaraka, nyaraka ziko kwenye imeili, imeili iko kwenye simu iliyofungwa. Nikachukua simu ya Lulu niingie humo. Nywila ninayo. Google wakataka nithibitishe kama ni mimi kweli, na uthibitisho wakaupeleka wapi? Kwenye ileile iliyofungwa!

Lulu ndiye aliyeniokoa. Alichomoa laini yangu akaichomeka kwenye simu yake, tukachagua uthibitisho uje kwa meseji, ukaja. Siku hizi nina zile namba 10 za akiba ambazo Google wanakupa ukishawasha uthibitisho wa hatua mbili. Nimeziandika kwenye daftari la duka. Kijana, hata kama hamkopi simu, mdogo wako afanye hivyo. Simu inaibiwa stendi pia.

Babu wa Njiro
Mnanichekesha. Nokia E71 ilikuwa na vitufe vyote, barua ya ukurasa mzima naiandika nikiwa kwenye daladala ya kipanya. Baadaye nikawa na BlackBerry mpaka huduma zao za zamani zilipofungwa tarehe 4 Januari 2022. Hivi vioo vyenu navitumia, ila nimenunua kibodi ndogo ya Bluetooth inayokunjika. Binti akiandika barua nyingi atanikumbuka.

Fundi wa Kijenge
Babu, shikamoo. Hiyo kibodi nitaitafuta.

Niongee kuhusu simu za mtumba kutoka nje, kwa sababu kwa laki nne kuna mtu atamwonyesha iPhone. WhatsApp imeacha kufanya kazi kwenye iPhone 6 na 5s tangu Mei 2025, hivyo hizo msiziangalie hata kwa laki moja. Toleo la Marekani kuanzia iPhone 14 halina tundu la laini kabisa, linatumia eSIM tu, yaani laini iliyomo ndani ya simu isiyochomekwa. Mtu ananiletea ananiuliza "fundi, laini inaingilia wapi?" Haiingii. Nyingine zimefungwa na kampuni ya simu ya huko, ukiweka laini yetu inakataa. Kwa hiyo nenda na laini yako, ichomeke palepale, zima Wi-Fi ya duka, ufungue barua pepe kwa bando lako. Ikishindwa mbele ya muuzaji ni shida yake, ukishaondoka ni yako.

Bonyeza *#06# upate IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, uitume kwenda 15090 uone inaleta simu gani. Simu feki zilizimwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, Juni 2016, waliokuwepo wanakumbuka kilio. Na angalia kama mwenye simu wa zamani ameondoa akaunti yake.

Ushauri wangu kwa hela hiyo: Android mpya, RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) isipungue GB 4, betri ya 5,000. Zile za GB 2 zinauzwa sana, ila Gmail, ramani na WhatsApp vikiwa wazi pamoja zitamrudisha kulekule kuganda. 5G asiilipie, huko anakoenda haitamsaidia kitu.

Kijana wa Sanawari
Asanteni sana. Fundi, hiyo ya kuzima Wi-Fi ya duka sikuwa nimeiwaza. Swali: ofisini kwao kuna dada ana simu nzuri tu, mpya, lakini barua haziingii mpaka aifungue Gmail mwenyewe. Hiyo ni mtandao?

Nai wa Usa River
Hapana kaka, mara nyingi ni simu yenyewe inabana betri. Simu nyingi za bei zetu huzima programu zinazokaa bila kutumika, Gmail ikiwemo. Aingie kwenye mipangilio, programu, Gmail, kwenye betri aondoe vikwazo, na data ya chinichini aiwashe. Pia aangalie kama ana ile programu ya "kusafisha simu", aifute. Kwangu barua zilianza kuingia siku hiyohiyo.

Kijana wa Sanawari
Namtumia sasa hivi. Kesho tunaenda na laini zote mbili mkononi. Dereva, chaja ya gari nayo nichukue ya aina gani?

Dereva wa Makao Mapya
Iandikwe 12–24V, maana si kila gari lina umeme wa 12. Matundu mawili, na waya mrefu, yeye anakaa siti ya nyuma.