Aprili 1498 bandarini Mombasa: hila au kujihami?

Mkaazi wa Kibokoni:
Assalaam alaykum. Juzi niliwatembeza wageni Ngomeni, na mmoja wao akaniuliza kwa nini Malindi wanaitunza nguzo ya Vasco da Gama, baharia wa Kireno, ilhali sisi aliotufikia kabla yao, tarehe 7 Aprili 1498, humtaja kwa shari. Nilimjibu kwamba alikuja kutughilibu. Akaniambia kuwa shajara ya safari ya Wareno hao inadai sisi ndio tuliofanya hila. Nani mkweli?

Maalim wa Kuze:
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Shajara hiyohiyo inakujibu. Mwandishi aliyekuwamo safarini anasema kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, pamoja na pete ya kuwapa amani. Kisha anaeleza, bila ya kuona haya, kwamba nahodha mkuu, yaani da Gama, aliwatonesha mafuta ya moto ngozini watu wawili waliokuwa wakishikiliwa chomboni, mpaka wakasema kuwa Mombasa ilikusudia kulipiza yaliyotendwa na Wareno Msumbiji. Mmoja wao alijitosa baharini mikono ikiwa imefungwa. Usiku huo wakaja waogeleaji kukata amari, yaani kamba ya nanga, na walinzi, anasema, mwanzoni walidhani ni jodari. (Hapo hucheka kila nisomapo, hebu fikiria uogeleaji wa namna gani huo.) Yeye anaita hila, mimi naita kujihami, na shahidi wangu ni yeye mwenyewe.

Bint Likoni:
Maalim, kuhusu usiku ule sina ubishi, ila tusijitakase kupita kiasi. Malindi walimkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, Bara Hindi, kwa kuwa walikuwa wakishindana nasi, kwa hivyo hata wenyeji hawana kumbukumbu moja. Agosti 1505, Mreno Francisco de Almeida alipouteketeza mji wetu, mfalme wa Mombasa alimwandikia mfalme wa Malindi kwamba uvundo wa maiti ulimzuia kurudi mjini. Barua yenyewe imetufikia kupitia maandishi ya upande wa Wareno. Nadhani sisi huusimulia mwaka 1498 huku puani mwetu mna moshi wa 1505.

Mkaazi wa Kibokoni:
Ahsanteni sana. Bint Likoni, hilo la moshi sikuwa nimelifikiria, na pengine ndilo lililonifanya nimjibu mgeni yule kwa ukali. Kundi lijalo nitalianzia kwenye jodari.