Mama ameingiza nywila kwenye kiungo cha "benki", naombeni msaada

Tausi: Wakuu, habari zenu. Mama kapokea baruapepe kwamba akaunti yake itafungwa ndani ya saa 24 asipohakiki taarifa. Nembo ni ileile ya benki yake, Kiswahili kimenyooka. Akabonyeza, akajaza namba ya akaunti na nywila. Alipoombwa namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu, moyo ukasita, akaniita. Lakini alama ya kufuli ipo kwenye kivinjari. Ni matapeli kweli?

Msumari: Ni matapeli. Pigieni benki sasa hivi, kwa namba iliyo nyuma ya kadi, si ya kwenye hiyo baruapepe. Wazuie huduma ya mtandaoni, kisha abadilishe nywila. Kama anaitumia hiyohiyo kwingine, abadilishe na huko. Na akipigiwa na "mtu wa benki" anayetaka ile namba ya uthibitisho, akate simu.

Binti Fundi: Pole kwa mama, na hongera kwa kusita pale. Kufuli linaonyesha tu kuwa mawasiliano yamefichwa yakiwa njiani. Halikwambii nani anayapokea. Matapeli nao wanalo. Shikilia kidole kwenye kiungo bila kukifungua, utuandikie anwani inayojitokeza.

Tausi: Benki wameshazuia, hela ipo yote, alhamdulillahi. Anwani ni hii, jina la benki nimelibadilisha:
benkiyetu.com.hakiki-akaunti.net/ingia

Binti Fundi: Nenda kwenye mkwaju (/) wa kwanza, ule kabla ya "ingia", usome ukirudi nyuma. Tovuti ni hakiki-akaunti.net. Hiyo "benkiyetu.com" ya mbele imechomekwa tu, na kwenye kioo kidogo cha simu pengine ndiyo pekee aliyoiona. Wengine huandika r na n zikibanana zisomeke m. Jina la mtumaji ndiyo kabisa, yeyote anaandika alitakalo.

Kobe: Mimi nisingemfundisha mzazi mikwaju. Mwambie asiingie benki kupitia kiungo cha baruapepe, hata ikiwa ya kweli. Afungue programu ya benki mwenyewe. Kama kuna jambo, atalikuta humo. Wala msitegemee makosa ya lugha, siku hizi wanaandika vizuri kabisa.

Tausi: Asanteni sana. Anauliza, aifute hiyo baruapepe?

Msumari: Bado. Waulizeni benki wanapokea wapi taarifa za utapeli, muwatumie kwanza, ndipo afute.