Mdaiwa kachelewa siku 40 kasamehewa, mimi limekosekana jina la mji tu kesi imeondolewa

Wakuu, nimetoka mahakamani mchana huu na mikono bado inatetemeka. Mnivumilie.

Nauza mbao. Nilimpa mkandarasi mmoja mzigo wa shilingi milioni 38 kwa mkopo, akasaini kila hati ya kupokelea, akaahidi kulipa ndani ya siku 90. Hakulipa. Nikafungua shauri la madai.

Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya 8, inampa mdaiwa siku 21 tangu apokee wito awe ameleta majibu yake ya maandishi. Zikimpita, ana siku 7 za kuomba aongezewe muda, atoe sababu ya msingi, na anachoweza kuongezewa ni siku 10. Basi. Huyu wangu alikaa kimya siku 61! Siku ya kutajwa wakili wake akasema alibanwa na kesi nyingine Mahakama Kuu, na mteja alikuwa safarini. Majibu yakapokelewa, eti haki itendeke. Mimi niliyekuja kuomba nisikilizwe upande mmoja nikaambiwa nisiwe na haraka. Nikakubali, nikasema acha na yeye asikilizwe.

Ikafika siku ya kusikilizwa. Mashahidi wangu wawili wapo kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, mmoja ni dereva wa lori aliyetoka Mafinga kwa nauli yangu. Wakili anainuka: "Mheshimiwa, tuna pingamizi la awali." Yaani hoja ya kisheria ya kutaka kesi iondolewe kabla haijasikilizwa.

Pingamizi lenyewe sasa. Kwenye uthibitisho wa hati yangu ya madai, pale mdai anaposaini kwamba aliyoyaandika ni kweli, kuna saini, kuna tarehe, ila sikutaja nilisainia wapi. Jina la mji. Sibishi, Amri ya 6 kanuni ya 15 inataka tarehe na mahali. Lakini karatasi hiyo alikuwa nayo tangu siku aliyopokea wito! Alikaa na kasoro hiyo mfukoni miezi yote, akasubiri mashahidi wangu wapande basi ndipo aitoe.

Wakili wangu akaomba turekebishe hapo hapo, neno moja tu. Jibu: pingamizi likishawekwa mezani huruhusiwi kurekebisha, utakuwa unalikwepa. Tukapangiwa kubishana kwa maandishi. Wao ndio walioleta pingamizi, na bado hoja zao wakaziwasilisha siku 9 baada ya tarehe waliyopewa. Wakasamehewa tena. Za kwangu zilifika siku mbili kabla.

Leo uamuzi umesomwa. Shauri limeondolewa, naruhusiwa kufungua upya.

Mnajua maana ya kufungua upya? Ada upya, wito upya, kumsaka upya mtu anayemkimbia mpeleka wito, siku 21 zinaanza upya. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na kwangu wa tano unakatika. Yule wakili anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mimi.

Tangu 1969, kwenye kesi ya Mukisa Biscuit, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikemea mtindo wa kurusha mapingamizi ovyo kwamba unaongeza gharama bure na kuvuruga hoja zilizopo. Katiba yetu ibara ya 107A inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mwaka 2018 Bunge likaongeza kifungu cha 3A kwenye hiyo Sheria ya Mwenendo wa Madai ili mashauri yaende haraka, kwa haki na kwa gharama nafuu. Naelewa kifungu hicho hakifuti masharti ya lazima, Mahakama ya Rufani imeshalisema hilo. Lakini kama sharti ni la lazima, siku 21 nazo ni za lazima! Kwa nini huruma yote iende kwa aliyechelewa, na ukali wote unishukie mimi niliyefika kwa wakati?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba katika mwaka mzima na miezi minne hakuna aliyeuliza kama mbao zilipokelewa. Hata mdaiwa mwenyewe kwenye majibu yake hakukana saini zake.

Wanasheria mliomo humu, nishaurini. Nifungue upya kesho, au nikate rufaa kupinga uamuzi huu huku ukomo unanisogelea? Na je, naweza kuomba wakili yule alipe mwenyewe nauli na posho za mashahidi wangu? Risiti zote ninazo.