Naomba ushauri: mwanangu ana tiki, tuzipuuze au tumfundishe kuzitambua?

Mleta uzi: Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mwanangu ana miaka 10, nasi tunaishi Houston. Kwa zaidi ya mwaka sasa hupepesa macho kwa nguvu, hutupa shingo upande na kukwaruza koo kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Hizo ndizo tiki, yaani vitendo vinavyojirudia bila yeye kukusudia, na daktari amethibitisha kuwa ni ugonjwa wa Tourette, unaoleta tiki kama hizo. Tangu mwanzo tuliambiwa tusimkemee wala tusimkodolee macho, tukatii. Sasa tumeelekezwa kwa mwanasaikolojia wa tabia ambaye anataka mtoto ajifunze kuitambua kila tiki inapokaribia. Mama mkwe wangu, aliyeko Tanga, anasema kumkumbusha ni kumzidishia, nami nina hofu hiyo hiyo.

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana, dada. Kukemea na kufundisha ni mambo mawili tofauti. Tiba hiyo ya kuitambua tiki na kuizuia ilichapishwa mwaka 1973 na wanasaikolojia Nathan Azrin, aliyekuwa mwanafunzi wa B. F. Skinner, mtafiti maarufu wa tabia, pamoja na R. Gregory Nunn, baada ya kuijaribu kwa watu 12 wenye tiki au mazoea kama kung'ata kucha. Watu wengi wenye tiki huhisi kwanza msukumo unaofanana na muwasho, na tiki ikishatoka msukumo hutulia kwa muda, jambo ambalo huifanya tiki izidi kujirudia. Mtoto akiuhisi msukumo wa shingo, hufundishwa kukaza misuli ya shingo polepole huku akitazama mbele, ili tiki isiweze kutoka, na kubaki hivyo kwa takriban dakika moja au mpaka msukumo upungue. Kwa koo, huvuta pumzi taratibu kwa pua.

Mchangiaji wa pili: Kuhusu hofu ya mama mkwe, mtafiti Douglas Woods na wenzake waliwapima watoto waliozizuia tiki zao kwa muda, na tiki hazikurudi kwa wingi kuliko awali. Mwaka 2010 John Piacentini na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 126 wa miaka 9 hadi 17: baada ya wiki 10, asilimia 52.5 ya waliopata tiba hii walikuwa na nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 18.5 ya waliopewa elimu na kutiwa moyo tu. Kwa hiyo karibu nusu hawakufikia nafuu hiyo, na ni haki mtoto aambiwe hivyo mapema, asije akajilaumu.

Mchangiaji wa tatu: Sisi tulipitia tiba hiyo na binti yetu. Kilichotushangaza ni maswali tuliyoulizwa sisi wazazi, kwa kuwa tulizoea kumruhusu aache kazi za shule kila tiki zilipozidi, na mtaalamu akatuonyesha kwamba tiki zilikuwa zikiongezeka saa hiyo hiyo ya kazi za shule. Msianze na tiki zote. Chagueni moja, ile inayomsumbua mtoto mwenyewe.

Mleta uzi: Ahsanteni sana. Nimemuuliza jioni hii. Nilidhani atataja macho, kwa sababu ndiyo watu huyaona. Kumbe ni shingo, humuuma usiku na hakuwahi kutuambia. Nimekubali miadi ya Jumanne.