Sanamu ya Batman ya toleo maalumu: niuze sasa au nisubiri?

Mwenye Kabati: Ndugu zangu, ninayo sanamu ya Batman ya Sideshow, kampuni inayotengeneza sanamu za wakusanyaji, ya kipimo cha robo ya umbo halisi, yenye namba ya toleo, yaani ni nakala ya ngapi kati ya zilizotengenezwa, chini ya kitako. Boksi lake nililitupa siku ile ile ilipofika. Je, nikiitunza bei itapanda?

Mpenda Sanamu: Pole, ndugu. Kukosa boksi hilo ndiko kutakakokushushia bei, kwani sanamu hizi ni za polistoni, yaani resini iliyochanganywa na unga wa mawe, nayo ni nzito na huvunjika upesi, hivyo mnunuzi wa mbali huogopa kuipokea bila vifungashio vyake vya awali.

Mzee wa Resini: Namba ndogo peke yake si mali. Wanunuzi hutafuta zaidi toleo lililouzwa na kampuni yenyewe tu, ambalo mara nyingi huja na kichwa cha ziada; na kampuni ikitoa sanamu mpya iliyo bora ya mhusika huyo huyo, ya zamani huweza kushuka, kama nilivyoonja mwenyewe kwa sanamu yangu ya Darth Vader, yule wa filamu za Star Wars. Kwanza mulika masikio ya barakoa kwa tochi, utafute nyufa.

Mwenye Kabati: Ahsanteni. Sikio la kushoto lina ufa mwembamba kama unywele. Basi itabaki kabatini.